Nafasi Karibu na Mama

Kabwe, Zambia
9 Juni 2023

Mdogo wangu Wense,

Tumsifu Yesu Kristo. Nakusalimu wewe, mkeo Theodora, mwanao Ronald na mkewe, na wale wajukuu wasiotulia. Mimi nimefika salama kwa neema ya Mungu. Miguu tu ndiyo imevimba kama ndizi ng'ombe, kwa kukaa kwenye basi.

Usishangae kuona barua. Tangu masikio yako yafe, kukupigia simu wewe ni kumpigia Theodora, na nikimwambia Theodora jambo, soko la Mwika linalijua kabla ng'ombe hajakamuliwa. Asikasirike, nampenda, lakini ndivyo alivyo. Primus, yule dereva wa lori la Dar na Lusaka, mtoto wa jirani yako mama Elizabeth, anapita hapa mjini. Amekubali kuwa posta yetu. Akichelewa, ujue foleni ya Tunduma.

Pale mpakani askari aliniuliza, "Mama, unakwenda kufanya nini Zambia?" Nikamwambia, kusalimia marafiki. "Biashara gani?" Nikamwambia, baba, kusalimia. Alifungua mkoba wangu, akakuta rozari, kahawa ya kwetu na ndizi mbivu, akanitazama kama mtu aliyefichwa kitu.

Marafiki zangu unawajua, ingawa ulikuwa bado unavaa kaptula ya shule. Evelyn na Elinipendo, niliopanga nao chumba kimoja kule Pasua, enzi tunachambua kahawa kiwandani Moshi. Evelyn ndiye mwenye kelele. Elinipendo ni yule Mmachame wa Kwa Sadala, aliyekuja kwetu Krismasi akakufundisha kuendesha baiskeli ya Baba. Mimi nilipoolewa, wao wakaja huku kushona, na tangu hapo tumekuwa watu wa kusikilizana sauti tu. Kila mwaka tunasema mwaka huu tutaonana. Mwaka huu nikasema, basi, nakwenda, kabla magoti hayajakataa.

Evelyn alikuja kunipokea stendi. Alipiga kelele watu wote wakageuka. "Mektrida! Umezeeka vibaya!" Nikamwambia, na wewe umenenepa vizuri. Tukalia pale pale, watu wanapita na mizigo yao. Tulipokaribia nyumbani ndipo akanishika mkono akasema, "Elinipendo hajisikii vizuri. Usishtuke."

Wense, nilishtuka. Yuko chumba cha nyuma ya duka lao la cherehani, kwenye godoro. Yule mwanamke aliyekuwa anabeba gunia peke yake, sasa namnyanyua kama mtoto. Ni uvimbe tumboni. Hospitali wamemrudisha na dawa ya maumivu. Evelyn alinificha kwenye simu miezi yote, anasema aliogopa nisije.

Aliponiona alicheka. "Karibu, mchambuzi. Haya, nichambue. Unaniweka kapu gani?" Unajua kiwandani yalikuwepo makapu mawili, la chembe nzuri na la mbovu. Nikamwambia, wewe nakutia mfukoni, msimamizi asikuone. Nikatoka nje kupiga pua.

Nilikuja kwa wiki mbili. Nadhani nitakaa zaidi kidogo. Kwa mashemeji zangu ukiulizwa, sema niko salama. Huko kwao pia ni salama tu.

Mtumie salamu Mama pale alipolala, mpitie, na kimsalaba chake ukikiona kimelala kisimamishe.

Ni mimi dada yako,
Mektrida


Mwika
2 Julai 2023

Dada Mektrida,

Shikamoo. Milele amina. Barua yako Primus ameileta mwenyewe akiwa likizo, ikiwa na mafuta ya gari kwenye kona lakini inasomeka. Theodora ameniuliza imesemaje, nimemwambia imesema umefika.

Sisi tunaendelea. Ng'ombe amezaa, ndume tena. Baridi ya mwaka huu ni kali, asubuhi ukungu hautoki mpaka saa nne. Kahawa za chini zimeanza kuwa nyekundu. Ronald anaongeza chumba kule mbele, kwa hiyo sehemu ile ya migomba ya mchare imebidi ikatwe. Eneo linazidi kuwa dogo, lakini watoto nao watalala wapi. Paroko amehamishwa, aliyekuja ni kijana, anahubiri kwa haraka.

Pole sana kwa mgonjwa. Mwambie Elinipendo kovu la goti bado ninalo. Baiskeli ile Baba alikuja kuiuza baadaye, lakini nilishajua kuiendesha.

Msalaba wa Mama umesimama.

Nilipita kwako siku ya Alhamisi. Mlango umefungwa, ni sawa. Mengine tutazungumza ukirudi. Unarudi lini?

Mdogo wako,
Wenseslaus


Kabwe
20 Julai 2023

Wense mpendwa,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako, na pongezi kwa ndama, hata kama ni ndume. Theodora asichoke, wa tatu atakuwa jike. Huku kuna baridi kavu na vumbi, midomo inapasuka. Wanakula ugali mweupe na vidagaa wanaviita kapenta. Nimewapikia mtori kwa ndizi za hapa, umekuwa kama uji wa gundi. Evelyn alikula bakuli mbili akasema ndiyo sababu waume wa Kichaga wanafia mjini.

Nilimsomea Elinipendo habari ya kovu lako. Alifurahi. Akaniambia, "Yule mtoto alikuwa mbishi, akianguka hasemi ameumia."

Sasa nakuja kwenye jambo langu, na nakuomba ulisome ukiwa umekaa.

Elinipendo anataka kurudi nyumbani. Si kupona, hilo analijua. Kuzikwa. Jumapili iliyopita, Evelyn akiwa kanisani, alinishika kanga akasema, "Mektrida, nirudishe. Kwa Sadala pamekwisha, usinipeleke. Nitafutie popote panapoonekana mlima." Unajua Kibo anavyotoka saa kumi na mbili asubuhi kama ameoga. Huku ni tambarare, Wense. Ni kama Chekereni, ila Chekereni angalau ukiinua kichwa unauona. Huku ukiinua kichwa hakuna kitu.

Kwao ni kweli pamekwisha. Kaka yake alikuwa mmoja tu, aliuza kihamba chote, shamba lao la urithi, na mwenyewe akafa. Makaburi ya wazazi wake sasa yako ndani ya ukuta wa mtu mwingine, mwenye nyumba ya wageni. Hakuolewa akatulia, hana mtoto. Hana mtu wa kumwambia njoo ulale hapa.

Watanzania wa hapa wana chama chao cha kuzikana. Nilikaa nao. Ni watu wema. Mwenyekiti wao ameniambia, "Mama, kusafirisha tutasafirisha, hilo ni letu. Swali letu ni moja, jeneza tunalipeleka kwa nani?" Nilitazama chini.

Kwangu haiwezekani. Shamba la marehemu mume wangu ni mashemeji wanaojua, na sitaki kuongea hayo. Kwa hiyo namwomba mdogo wangu. Wewe ndiye kitinda mimba, wewe ndiye Baba alikuachia kihamba. Pale chini, karibu na Mama, kwenye safu ile. Mtu mmoja tu. Ni Mkristo, amebatizwa, ni Mlutheri ndiyo, lakini aliyelala hasemi ni wa dhehebu gani.

Sijamwahidi. Ananiuliza kwa macho kila nikiingia na chai. Nijibu haraka.

Dada yako anayekutegemea,
Mektrida


Mwika
19 Agosti 2023

Dada,

Shikamoo. Tunamshukuru Mungu tumeamka. Barua yako ilikaa Tunduma, Primus anasema lori lililala foleni mpaka mchele ukaanza kuota. Anatania, lakini ilichelewa.

Kahawa tumechuma mara mbili. Bei wanasema itapanda, kila mwaka wanasema. Mjukuu mkubwa amepata Kipaimara, askofu alikuja, tulichinja mbuzi, mgongo wa mbuzi tuliwapelekea wazee wa ukoo kama kawaida. Baba mdogo Valerian ameniuliza habari zako. Nimemwambia uko kwa marafiki. Akasema, marafiki gani hao wasio na kwao? Anajua mengi huyo mzee. Theodora aliumwa jino, limeng'olewa. Bomba la maji la juu limepasuka, tunatumia mfereji.

Jambo lako nimelisoma. Nimelisoma nikiwa nimekaa.

Pale chini karibu na Mama hakuna nafasi. Migomba imejaa. Ningependa ingekuwa vinginevyo.

Mpe pole mgonjwa. Mwambie tunamwombea rozari ya jioni, ingawa ni Mlutheri. Rudi, dada. Umekaa sana.

Wenseslaus


Kabwe
5 Septemba 2023

Wenseslaus,

Nawasalimu nyote katika Kristo. Hongera ya Kipaimara. Jino la Theodora liwe la mwisho.

Kwa nini unaniambia hakuna nafasi? Siku ya Pasaka nilisimama pale nikiweka maua kwa Mama. Mkono wake wa kulia pako wazi. Mmepafyeka, mmepasawazisha, mmeweka hata jiwe kubwa pembeni ili ng'ombe asipite. Migomba haipo. Sijazeeka kiasi cha kuota migomba imekatwa. Kama ni hapana sema hapana, mimi ni dada yako, nimekubeba mgongoni. Lakini usinipe migomba.

Samahani. Nimechoka. Hatulali vizuri hapa. Anaomba maji, akiletewa hayataki. Dawa ile ya maumivu ikiisha nguvu analia kwa Kimachame, na mimi Kimachame chake nasikia nusu tu, hata Evelyn hajui. Kwa miaka yote tuliyokaa pamoja tulizungumza Kiswahili, sasa Kiswahili kinamtoka kidogo kidogo kama maji kwenye ndoo mbovu. Nashika mkono wake nasema ndiyo, ndiyo. Sijui naitikia nini. Nasali mpaka nasahau niko fumbo la ngapi.

Juzi nilimsindikiza Evelyn mjini kununua uzi, na mbele ya jengo la benki nikaona isale. Isale, Wense! Limepandwa kwenye bustani ndogo, limemwagiliwa vizuri, watu wanalipita kama si kitu. Nilisimama pale nikaligusa. Mlinzi akaja, nikadhani atanifukuza. Akasema, "Unalipenda, mama? Chukua tu. Ni ua." Nilikata jani moja. Evelyn akanishangaa, akaniambia, "Mektrida, watoto wa mjini wanakojolea hapo." Nikamwambia hata likikojolewa, isale ni isale.

Nimelifunga fundo kama Mama alivyolifunga siku ile alipolipeleka kwa shangazi kuomba mapatano, na shangazi akafungua mlango ingawa alikuwa ameapa hatafungua. Limo humu ndani ya bahasha. Litakufikia limekauka, lakini unalijua. Mtu akipelekewa isale hakatai. Ndivyo tulivyolelewa. Kama wewe peke yako huwezi kuamua, lichukue uwapelekee wazee wa ukoo, uliweke mkononi mwa Baba mdogo Valerian, useme limetoka kwa Mektrida, aliyeko mbali na hawezi kuja kupiga magoti mwenyewe.

Nisamehe ukali. Sina mtu mwingine wa kumkalia kichwani.

Dada yako


Mwika
1 Oktoba 2023

Dada Mektrida,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na inamkuta mgonjwa bado yupo. Nyumbani wote wazima. Mvua za vuli hazijaja. Ndama tumemuuza.

Naandika polepole, kwa hiyo mwandiko utauona ni mzuri kuliko siku zote.

Jani lilifika jeusi, lakini fundo lilikuwa imara. Sikulala nalo. Nilitengeneza mbege ya kuwanywesha wazee, na Jumapili baada ya Misa nikawaita, wakaja. Nilisimama nikaeleza yote. Baiskeli pia niliieleza. Kisha nikamwekea Baba mdogo isale mkononi kama ulivyosema.

Alilitazama sana. Wengine wote wakanyamaza, nikajua wamenyamaza kwa sababu niliona midomo imefungwa. Theodora alikaa karibu nami, ananiandikia kwenye simu wanachosema. Ndiyo, imebidi ajue. Amelia, na sokoni hajasema kitu mpaka leo.

Baba mdogo alisema, "Isale ni la kosa. Mtu amekosa, analeta isale, anasamehewa. Sasa huyu mama wa Kwa Sadala ametukosea nini, tumsamehe?" Nikasema hajatukosea. Akasema, "Basi isale hili halina kazi hapa. Silikatai. Nalipokea. Lakini nimepokea nini?" Akaliweka mfukoni mwa koti. Kama angekuwa ametutukana, au ukoo wake una deni la damu na ukoo wetu, angezikwa kesho. Kwa kuwa ni mtu mwema tu, hakuna mlango.

Mzee mwingine akasema kaburi ndiyo hati ya shamba. Leo analala mtu, kesho anatokea mpwa wake na mwanasheria, anasema hapa ni kwetu. Nikasema hana mpwa. Akacheka, akasema mtu akipata kaburi Mwika, mpwa anapatikana. Na mwingine naye, "Leo huyu, kesho kila aliyepanga chumba na dada zetu Pasua ataletewa hapa kwenye jeneza." Walicheka. Mimi sikucheka.

Nikasema kihamba ni changu, Baba aliniachia. Baba mdogo akaniambia shamba ni langu, ila wafu ni wa ukoo.

Sasa nikuambie la nafasi, maana umeniuliza kwa ukali na una haki. Nafasi ipo. Ni moja tu, baada ya Ronald kujenga. Nilikuwa nimekuwekea wewe.

Najua unasema kwa mashemeji ni salama. Dada, mwaka jana walipong'oa kahawa za marehemu mume wako wewe ukiwa kwenye jumuiya, na wakaja kusema mbele ya watu kwamba huna lako pale, nilijua na siku yako hawatakupokea. Hukuniambia. Sikukuuliza. Nilikwenda kwa Baba mdogo nikaomba, wakakubali kwa shida, kwa sababu binti aliyeolewa harudi kulala kwao. Walikubali kwa jina lako. Niliwauliza Jumapili, je, yeye akiitoa? Wakasema si yako ya kutoa. Ni yako ya kulala. Ni wewe, au iwe migomba.

Sikutaka kukuandikia mtu hai habari ya kaburi lake. Ndiyo maana nikasema migomba imejaa.

Nimefanya nilichoweza na hakikutosha. Sijui umwambie nini. Kama kuna neno zuri la kumwambia mimi silijui.

Ni mimi,
Wense


Kabwe
29 Oktoba 2023

Mdogo wangu Wense,

Bwana awe nawe na wote waliomo humo ndani. Mwambie Theodora Mungu anauona ule ukimya wake.

Elinipendo amelala Alhamisi ya tarehe 19, asubuhi, Evelyn akiwa anawasha jiko. Jumamosi tukamzika.

Nataka nikueleze yote, maana nisipokueleza wewe nitayabeba mwenyewe mpaka yanivunje.

Barua yako ilifika siku chache kabla. Primus aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, akasimama na kofia mkononi, akamsalimia mgonjwa kwa Kichaga. Elinipendo siku hiyo alikuwa na akili zake zote. Nilikaa pembeni ya godoro nikaisoma kimya. Alinitazama wakati wote nikisoma. Nilipoikunja akaniuliza kwa Kiswahili kizuri kabisa, "Wense amesemaje?"

Wense, nilisema, "Amesema karibu."

Sikupanga. Lilitoka. Nilikuwa nimefungua mdomo kusema wazee wamekaa, ndipo likatoka hilo.

Akafumba macho. Nikadhani amelala. Kumbe anapanga maswali, kama kawaida yake. "Ni wapi hasa?" Nikamwambia, mkono wa kulia wa Mama. "Pana kivuli?" Nikamwambia, cha mchana, cha mchare uliobaki. Asubuhi jua linaingia lote. "Na mlima?" Nikamwambia ukikata yale majani ya juu unauona mpaka shingoni. Akasema, "Mwambie Wense akate." Nikasema atakata. Kisha akafungua jicho moja. "Mama yako atanikubali, mimi Mlutheri?" Nikamwambia Mama anapenda watu wanaojua kuimba sauti ya pili, na Wakatoliki wa Mwika hawaijui. Alicheka mpaka akakohoa. Evelyn alikuwa amesimama mlangoni na pasi ya makaa mkononi, anasikia kila kitu, na anajua ukweli kwa sababu aliuona uso wangu. Aligeuka akaenda kupiga pasi suruali ya mtu, akaipiga mpaka nikasikia harufu ya kuungua.

Baada ya hapo hakuniuliza tena kwa macho. Alikunywa chai. Siku mbili tatu zile hakulia sana. Mara moja alisema jambo refu kwa Kimachame, akitabasamu, nikasema ndiyo.

Mwenyekiti wa chama alipokuja na daftari lake akaniuliza tena, "Tunapeleka kwa nani, mama?" Nikamwambia, hatupeleki. Yule baba akanishika bega.

Tumemzika makaburi ya manispaa, nje ya mji. Mistari imenyooka kama shule. Wa kushoto kwake ni mtoto mchanga, wa kulia bado hajafa. Mchungaji wa Evelyn aliongoza. Waliimba Kibemba, sauti niliijua na maneno sikuyajua, na hiyo sauti ya pili waliimba vizuri, nadhani angeridhika. Udongo wa huku ni mkavu, ukitupwa unalia kama mahindi. Niliinua kichwa, mazoea tu. Hakuna kitu, ni anga.

Nimekwenda kuungama. Nilimwambia padri, nimemdanganya mtu anayekufa. Akaniuliza kama najuta. Nilizungusha rozari mkononi mpaka waliokuwa kwenye foleni nyuma yangu wakaanza kukohoa. Nilimwambia, padri, najuta kwamba haikuwa kweli. Akasema hayo siyo niliyokuuliza. Akanipa baraka, lakini sijui kama ni ondoleo au ni huruma tu ya kijana. Nimeendelea kukomunika. Mungu akitaka kunizuia anajua nilipo.

Sikulaumu wewe. Nakuandikia hili ulijue kabla ya mengine yote. Ulikwenda, ulisimama, ulieleza hadi baiskeli. Baba mdogo pia simlaumu, ingawa sina hamu ya kumwamkia. Sisi wote hapa hakuna aliyefanya ubaya, na mtu amekosa pa kulala. Nimelifikiria sana hilo na sioni mwisho wake.

Habari ya ile nafasi. Asante kwa kunificha, na kwa kuniwekea. Sikukuambia ya mashemeji kwa sababu ukishasema kitu kwa mdomo kinakuwa kimetokea. Lakini sasa nisikilize. Usiniwekee tena. Nilishamwambia ni yake. Najua si yangu ya kutoa, umeniandikia vizuri na nimeelewa. Nimeitoa hivyo hivyo. Mimi siku yangu ikifika, Mungu atajua pa kuniweka, hata makaburi ya parokia. Ila pale usimlaze mtu, na usipande kitu. Hili ndilo ninaloomba, na sina isale la kulituma.

Evelyn hataki niondoke. Anasema kelele zake peke yake zinamtisha. Nitakaa naye kidogo, kisha nitapanda basi.

Aika, Wense. Aika sana kwa yote.

Dada yako,
Mektrida


Mwika
26 Novemba 2023

Dada Mektrida,

Shikamoo, na pole tena, na pole kwa dada Evelyn. Theodora amesoma barua pamoja nami. Amekuandalia kitanda chumba cha mbele, anasema hutarudi kule kwa mashemeji kulala peke yako. Hilo ameamua yeye, nami sikubishana.

Mvua imefika, nyingi. Mfereji umejaa. Kahawa imetoa maua mara ya pili, meupe kote, Ronald anasema si ya kuaminika. Paroko kijana ameanza kuhubiri polepole. Misa ya Jumapili tuliiombea roho ya Elinipendo. Walisoma jina lake vibaya, Theodora akaniandikia, nikasimama nikalirudia.

Jumatano nilipanda ngazi pale kwenye mchare nikayakata yale majani ya juu.

Jana Baba mdogo Valerian alipita na jembe, akaona pale karibu na Mama pako wazi na udongo umelowa vizuri. Akaniambia niweke magimbi, ardhi isikae bure. Nikamwambia hapana, Baba mdogo, pana mtu.

Njoo nyumbani.

Wense